Kituo cha Zimamoto Mombasa: Kimoja Kikubwa, Vidogo Vingi, au Godauni Ligeuzwe?

Mchoro wa kwanza unaoletwa kwenye kikao cha ushirikishwaji wa umma huwa ni picha ya rangi: jengo jeupe, bendera mbili, minazi, na gari jekundu limeegeshwa mbele. Picha hiyo haijibu swali hata moja kati ya yale yanayoamua iwapo kituo kitafanya kazi. Gari litatokea upande gani? Litafika wapi kwa dakika ngapi? Litajazwa maji kutoka wapi? Na nani atalipwa kukesha humo?

Njia zinazoshindanishwa ni tatu. Ya kwanza ni kituo kikuu cha pamoja: banda la magari 5 au 6, chumba cha kupokea simu, ambulensi, karakana, pengine na ofisi za askari wa kaunti, vyote ndani ya ua mmoja. Ya pili ni vituo vidogo vilivyotawanywa, kila kimoja kikiwa na gari 1 au 2 na wazimamoto 4 kwa zamu. Ya tatu ni kuchukua jengo lililopo, aghalabu godauni au karakana ya zamani ya manispaa, na kuligeuza.

Vigezo tulivyotumia ni sita: muda wa kufika, kiwanja na njia ya kutokea, maji, mpangilio wa ndani, chumvi, kisha pesa na sheria. Pesa tumeiweka mwisho makusudi. Anayeanza na bei ya ujenzi huangukia godauni kila mara, na anayeanza na picha huangukia jumba.

Muda wa kufika

Kiwango namba 1710 cha NFPA, chama cha Marekani cha kinga dhidi ya moto, kinawapa wazimamoto sekunde 80 za kuvaa na kutoka, kisha dakika 4 za safari kwa gari la kwanza, katika miito 9 kati ya 10. Mombasa hailazimiki kukifuata, ila hesabu yake inafaa kuazimwa. Gari la tani 16 katikati ya matatu na tuktuk, likibahatika, hupata wastani wa kilomita 30 kwa saa. Dakika 4 kwa mwendo huo ni kilomita 2 za barabara, na kwa kuwa barabara hazinyooki, ni kama kilomita moja na nusu ukipima kwa rula kwenye ramani. Ukijiwekea dakika 8, unapata kilomita 4 za barabara, yaani kama 3 kwa rula.

Chora duara la kilomita 3 katikati ya kisiwa na utaona limefunika karibu kisiwa kizima. Hapo kituo kikuu kinajitetea vizuri, tena kina nguvu ambayo vidogo havina: moto wa soko au wa godauni unahitaji magari matatu au manne kwa mkupuo, na hapa yanatoka ua mmoja chini ya kamanda mmoja. Tatizo linaanzia majini. Njia za magari kutoka kisiwani ni nne tu: daraja la Nyali, Makupa, Kipevu na feri ya Likoni. Jioni daraja la Nyali likisimama, Kisauni yote inategemea king'ora na huruma ya madereva. Kwa Likoni hali ni mbaya zaidi. Hata gari likipewa nafasi ya mbele kwenye foleni, feri yenyewe lazima iwe upande huu, ishushe, ipakie, ivuke, ishushe tena. Barabara ya Dongo Kundu imeleta njia ya nchi kavu, lakini mzunguko wake haufai kuhesabiwa kama mwitikio wa kwanza. Hiyo ni njia ya gari la tatu na la nne.

Vituo vidogo vinashinda kwenye kigezo hiki, mradi viwekwe kwa kufuata moto na si kwa kufuata wadi. Kila mwakilishi angependa kimoja kwake, na ndivyo vituo viwili hujikuta vimepakana huku Mtopanga ikibaki tupu.

Godauni halichagui mahali, kwa sababu mahali palikwishachaguliwa zamani na mfanyabiashara. Ndiyo maana mengi yako Shimanzi na Changamwe, karibu na bandari na reli, na machache yako penye watu wengi wanaolala. Kwa moto wa viwandani hilo ni jambo jema. Kwa Bamburi halisaidii kitu.

Kabla ya kuamua, kusanya daftari la miito ya miaka 2 au 3, tia alama kila moto kwenye ramani, kisha endesha gari lenyewe, si pikapu, kutoka kwenye kila kiwanja kinachopendekezwa. Fanya hivyo saa mbili asubuhi, saa kumi na mbili jioni, na Ijumaa watu wakitoka msikitini. Zoezi hilo linagharimu mafuta tu.

Kiwanja na njia ya kutokea

Vipimo vya Uingereza vya gari la kawaida la zimamoto ni rahisi kukumbuka: barabara isipungue mita 3.7, lango mita 3.1, na mzunguko wa kugeuza mita 16.8 kati ya kingo za barabara, au 19.2 kati ya kuta. Gari la ngazi ndefu linataka mita 26 na 29. Banda lenyewe lihesabiwe mita 5 wazi kwa kila gari, kwa kuwa gari lina upana wa mita 2.5 na milango hufunguliwa pande zote mbili huku watu wakipita wamevaa. Mlango uwe mita 4.3 kwa 4.3. Mbele ya mlango kuwe na sakafu ngumu isiyopungua urefu wa gari refu kuliko yote, ili likisimama kusubiri barabara lisiwe limezuia mlango wala kuchomoza njiani.

Ukijumlisha, kituo kikuu cha magari 6 chenye kupita moja kwa moja, yaani kuingilia nyuma na kutokea mbele, kinakula karibu ekari nzima. Kupita moja kwa moja si anasa. Ajali nyingi za uani hutokea gari likirudi nyuma dereva amechoka. Ila ekari moja tambarare kando ya barabara kuu, yenye hati safi, ni adimu Mombasa. Fanya upekuzi kwenye sajili ya ardhi na uulize Tume ya Taifa ya Ardhi kabla ya kumlipa msanifu shilingi. Ploti ya umma isiyo na hati ni kesi inayosubiri tarehe.

Kituo kidogo cha magari 2 kinatosha kwenye robo ekari. Ploti ya futi 50 kwa 100 inaingiza gari moja kwa kubanana, na huwezi kugeuza ndani. Gari litarudi nyuma kutoka barabarani kila siku. Kitu kingine kinachovisumbua vidogo kuliko vikubwa ni uvamizi wa mbele ya mlango. Leo mkokoteni wa madafu, kesho bodaboda watatu, mwezi ujao ni steji. Chora miraba ya manjano barabarani kuanzia siku ya kufunguliwa na uweke nguzo fupi za chuma kando ya njia ya kutokea. Kuwaondoa watu waliokwisha kuzoea ni kazi ya miaka.

Kwenye godauni, toa futikamba kabla ya kuzungumza bei. Pima mambo matatu: kimo cha linta (boriti iliyo juu ya mlango) kutoka sakafuni, nafasi kati ya nguzo, na unene wa sakafu. Linta ya mita 3.6 inaonekana inatosha gari la mita 3.3, mpaka ngazi na antena ziwekwe juu. Kuinua linta ni kukata fremu ya jengo, na hapo bei ya "kupaka rangi tu" inakufa. Nguzo zikiachana mita 4.5, gari litaingia lakini milango yake haitafunguka sawasawa. Sakafu ya kuhifadhia magunia ya chai haikukusudiwa kubeba gurudumu la boza lililojaa, tena mara nyingi imelazwa bapa bila mteremko. Banda la zimamoto linataka mteremko wa kama 1 kwa 80 kuelekea kwenye mtaro, na mtaro upite kwenye shimo la kutenganisha mafuta kabla ya kuingia mfereji wa mji.

Maji

Gari lenye lita 5,000 likitoa lita 1,000 kwa dakika, limekauka kwa dakika 5. Hiyo ndiyo hesabu inayofanya kituo kisicho na maji yake mwenyewe kiwe maegesho. Mji huu unaletewa maji kutoka mbali, Mzima na Baricho, na mifereji hufunguliwa kwa zamu, kwa hivyo usichore kituo kinachotegemea bomba la mtaani.

Kituo kikuu kinaweza kuchimbiwa tangi la lita 100,000, kwa mfano mita 8 kwa 5 kwa kina cha mita 2.5, pamoja na tangi la juu la lita 20,000 linalojaza gari kwa mteremko kupitia bomba la milimita 100. Tangi la juu ni la lazima kwa sababu umeme ukikatika wakati wa moto, pampu ya tangi la chini imekatika pia. Kumbuka lita 20,000 ni tani 20 angani, kwa hivyo mnara huo ni kazi ya mhandisi na haufai kuachiwa fundi. Kituo kidogo kijipange na matangi matatu ya plastiki ya lita 10,000. Yanatosha kujaza gari mara 6.

Godauni lina turufu hapa. Paa la mita za mraba 600, mvua ya milimita 50 tu, linakupa kama lita 24,000 hata ukitoa kinachopotea. Masika moja ikivunwa vizuri hupunguza maboza ya kununua. Maji ya kwanza yamwagwe, kwa kuwa yanabeba chumvi na kinyesi cha ndege.

Visima vya kisiwani vingi vina maji ya chumvi. Yanazima moto vizuri na yanaua pampu vizuri. Ukiyatumia, weka mfereji wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, wa kusuuzia pampu na mipira kila gari linaporudi. Ikikosekana nafasi ya mfereji huo kwenye mchoro, kazi hiyo haitafanywa.

Mpangilio wa ndani

Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la 1, yaani kundi la mambo yanayothibitika kusababisha saratani. Masizi hurudi kituoni juu ya nguo, mipira na viti vya gari. Kwa hivyo jengo ligawanywe sehemu chafu, sehemu ya kuoshea, na sehemu safi, na mtu asiweze kuruka hatua. Mfuatano ni huu: banda la magari, chumba cha kuvulia na kufulia nguo za moto, bafu, kisha vyumba vya kulala, jiko na chumba cha swala. Kati ya banda na vyumba kuwe na kijichumba chenye milango miwili inayojifunga, ili moshi wa dizeli usiingie. Nguo za moto zisitundikwe juani, maana jua linazichakaza. Zitundikwe chumba chenye upepo. Wanawake wapate vyoo, bafu na vyumba vyao tangu mwanzo, si stoo iliyogeuzwa baadaye.

Kituo kikuu hufanikisha haya kwa urahisi. Hatari yake ni nyingine, ya umbali: vyumba vya kulala vikiwa ghorofa ya tatu, sekunde 80 zimekwisha kwenye ngazi. Kituo kidogo kinaweza kubana mfuatano wote kwenye upana wa mita 8 ukichorwa kwa akili. Godauni ndilo gumu. Mazoea ni kusimamisha kuta za mbao nyepesi ndani ya ukumbi mmoja mkubwa, zikaishia mita 2.5, na juu yake kukabaki wazi hadi kwenye paa. Moshi wa gari hupanda, hupita juu ya ukuta, na hushuka juu ya vitanda. Ukuta wa kutenganisha lazima ufike kwenye mabati na uzibwe.

Jambo dogo linalosahaulika katika njia zote tatu ni mlango wa banda. Mlango wa mabati unaojiviringisha juu kwa mota hupanda kama sentimita 20 kwa sekunde. Mlango wa mita 4.3 unataka zaidi ya sekunde 20, robo ya muda wote wa kutoka, na dereva akiwahi hugonga ukingo wa chini. Milango ya kukunjwa pembeni hufunguka kwa takriban sekunde 7, na dereva anaiona wazi kwamba imefunguka. Mota ikiharibika, na karibu na bahari itaharibika, watu wawili wanaisukuma.

Chumvi

Majengo mapya, makubwa na madogo, yana nafasi sawa hapa kwa kuwa yote huanza na zege safi. Kwa jengo lililo kwenye hewa ya bahari, viwango vya Ulaya vinapeleka zege linalofunika nondo hadi kama milimita 45, si 25 za mazoea. Mchanga wa ufuoni na maji ya kisima cha chumvi visikaribie zege. Chuma cha nje kichovywe kwenye zinki, kisiishie kupakwa rangi. Vidogo vina udhaifu mmoja: huwa vinapewa kontrakta mdogo asiyesimamiwa kila siku, na kipande cha kuitenga nondo na ukingo wa zege ndicho cha kwanza kurukwa.

Godauni lipimwe kabla ya kununuliwa. Toboa nguzo kadhaa, kusanya unga wa zege kwa kina tofauti na upeleke maabara. Kloridi (chumvi iliyopenya) ikizidi asilimia 0.4 ya uzito wa simiti penye nondo, kutu imeanza au iko njiani, na plasta mpya itaificha miaka miwili tu. Tazama pia paa. Majengo mengi ya zamani yana paa la asbesto, na kuliondoa ni kazi ya mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, na mahali maalumu pa kuzika taka hizo.

Pesa na sheria

Huduma ya zimamoto ni jukumu la kaunti kwa Katiba ya 2010, jedwali la nne. Polisi ni wa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo anayetaka kituo cha pamoja chenye polisi ndani anataka serikali mbili katika ua mmoja: nani mwenye hati, nani analipa umeme, nani anatengeneza paa. Yaandikwe kwa mkataba kabla ya msingi kuchimbwa. Pamoja na ambulensi na askari wa kaunti mambo ni mepesi, kwani wote wako chini ya mwajiri mmoja.

Vituo vidogo huvunjwa na mishahara. Kiti kimoja kinachokaliwa saa 24 ni saa 168 kwa wiki. Kwa wiki ya kazi ya saa 48 unahitaji watu 3.5 kwa kiti. Ukiongeza likizo na ugonjwa, wanafika 4 hadi 4.5. Timu ya watu 4 ni waajiriwa 16 hadi 18. Vituo vinne ni 64 hadi 72, kabla hujamhesabu mpishi. Jengo hutoka kwenye bajeti ya maendeleo, ambayo sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka isipungue asilimia 30. Mishahara ya kaunti, kwa kanuni za 2015, haitakiwi kuvuka asilimia 35 ya mapato. Kwa lugha ya mtaani: pesa za kujenga hupatikana, za kukesha hazipatikani. Ndiyo sababu ya vituo vilivyokatiwa utepe vikabaki na kufuli.

Kituo kikuu hugharimu zaidi kujenga lakini watu wake hutumika vizuri zaidi. Godauni ni rahisi kuingia, na bei yake ya kweli hujulikana baada ya vipimo vilivyotajwa hapo juu. Weka akiba kubwa ya dharura kuliko ya jengo jipya. Na mabadiliko ya matumizi ya jengo yanahitaji idhini ya mipango kama ujenzi mwingine, chini ya sheria ya 2019.

Uchague lipi, kulingana na hali

Likoni na Mtongwe: kituo kidogo cha upande ule ule, chenye angalau magari 2, kwa kuwa msaada utachelewa. Hapa gharama ya mishahara haina mbadala.

Kisauni, Bamburi na Mtopanga: vidogo, lakini anza na kimoja kilichojaa watu badala ya viwili vya nusu zamu. Ploti ya pili ihifadhiwe na kuzungushiwa ukuta sasa, kabla ya bei kupanda.

Changamwe na Jomvu: godauni linaweza kufaa sana likifaulu vipimo, kwa sababu ya matangi ya mafuta na viwanda vilivyo jirani. Liwe na stoo ya povu yenye kivuli. Lita 1,000 za dawa ya povu ya asilimia 3 hutengeneza kama lita 33,000 za mchanganyiko, kwa hivyo tangi la maji lichaguliwe pamoja na stoo hiyo.

Kaunti yenye chumba cha simu kilichochakaa na karakana isiyo na paa: kituo kikuu kwanza, hata kama ramani inalilia vidogo. Gari bovu kwenye kituo cha karibu halifiki popote.

Bajeti ya mwaka mmoja, hakuna ardhi, hakuna ajira mpya: usijenge. Weka gari 1 na timu iliyopo kwenye ua wa kaunti ulioko tayari, chini ya banda la mabati lenye tangi la lita 10,000, na uweke rekodi ya miito kwa mwaka. Rekodi hiyo ndiyo itakayoonyesha kiwanja.

Mji wa Kale: hakuna hata moja kati ya hizo tatu katika umbo lake la kawaida. Vichochoro vingi ni vyembamba kuliko mita 3.7, na eneo ni la hifadhi, kwa hivyo huwezi kupanua. Tumia kituo kidogo pembezoni, chenye gari dogo la lita 500 na pampu ya kubebwa na watu wawili, na bomba kavu lililolazwa kwenye vichochoro vikuu lenye midomo ya kuunganisha mipira kila mita 30 au 40. Gari kubwa libaki barabarani na kulisukumia maji bomba hilo. Midomo ifunikwe kwa vifuniko vya shaba, si chuma, na ijaribiwe kila baada ya miezi mitatu, maana mdomo usiofunguliwa mwaka mzima kwenye hewa ya bahari haufunguki siku ya moto.